Kadi ya Picha ya Baba

Baba yangu hakuwahi kuingia dukani kwangu bila kukosoa kitu. Siku ile aliingia, akajigonga kwenye kona ya kaunta, akaitukana kaunta, kisha akaketi kwenye stuli ya wateja na kusema, "Fundi, leo nimekuja kama mteja. Usiniite baba."

"Shikamoo, mteja," nikamwambia.

"Marahaba. Unayo kadi ya picha ya kuchezea ile gemu ya malori? Siyo ya matajiri. Ya katikati. Nataka uniambie kitu kimoja tu, inafaa au haifai."

Ngoja nieleze. Baba aliendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na moja, na hakuacha kwa kupenda. Macho ndiyo yalimwachisha. Presha ya macho, daktari alituambia sote watatu, yeye, mama na mimi, tumekaa kwenye benchi moja kama watu wanaongoja kupigwa picha. Alisema kilichokwisha kuondoka hakirudi, na dawa ya matone kazi yake ni kuchelewesha kilichobaki. Dunia ya baba ilikuwa inafungwa kutoka pembeni kuja katikati. "Naona kama ninachungulia kwenye bomba," ndivyo alivyosema mwenyewe. Lakini ndani ya hilo bomba aliona vizuri; gazeti alisoma, na mtu akiwa kule mwisho wa mtaa alimtambua kabla yangu. Nikamuuliza daktari, tuna muda gani? Akasema kila mtu na macho yake, wako waliokaa hata miaka kumi. Mimi nikaishika hiyo kumi. Mengine yote aliyosema siku ile sikuyasikia, au niliyasikia nikayapuuza, sijui kipi kibaya zaidi.

Sasa hiyo gemu. Wiki moja kabla, baba alipita dukani akanikuta ninajaribu mashine ya mteja. Nilikuwa nimefungua gemu ya malori, ile isiyo na bunduki wala adui. Unapakia mzigo mji mmoja, unaendesha saa nzima, unaushusha mji mwingine, basi. Vijana wengi wanaiona ya kizee. Baba alisimama nyuma yangu, akaitazama skrini kidogo, halafu akalipuka.

"Punguza gia! Huoni kilima? Unataka kuua injini ya watu?"

"Baba, ni gemu."

"Gemu ndiyo uendeshe kama mlevi? Hebu toka hapo."

Nikatoka. Akashika usukani wa mteja wangu nusu saa nzima, mgongo umenyooka, mdomo umefungwa, haongei na mtu. Wateja wawili waliingia wakatoka, sikuwahudumia. Alipoinuka alikuwa analengwa na machozi, na baba yangu si mtu wa machozi. "Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita akiwa hana utani, "nilidhani barabara sitaiona tena. Nataka kuiona wakati bado naona."

Hakuna alichokificha. Alinieleza waziwazi, kwa lugha ninayoielewa, mchana kweupe.

Jioni ile ile nikampelekea usukani wa gemu na pedali zake, alivyoniachia mteja mmoja aliyehama. Ila kompyuta ya pale nyumbani ilikuwa ya ofisi, niliwaundia ya kusikilizia habari na miziki yao ya zamani. Haikuwa na kadi ya picha, kile kipande kinachoichorea skrini picha nzito. Gemu ilifunguka, lakini lami ilikuwa kama uji, magari yanarukaruka, vibao vya barabarani hata mimi mwenye macho yangu mawili mazima sikuvisoma. Mtu mwingine angeona kero tu. Kwa baba haikufaa kitu kabisa, kwa sababu yeye alikuwa na kale katundu kadogo tu ka kutazamia, na ndani ya katundu kale sasa kulikuwa na ukungu mtupu. Ndiyo maana akaja kununua kadi.

"Ninayo moja," nikamwambia. Nikaishusha toka rafuni. Boksi jipya, feni mbili, kadi ya katikati hasa, kama alivyotaka. Fundi mwingine yeyote angechukua hela, akaifunga siku hiyo hiyo, mchezo ukaisha.

Mimi siye huyo. Mimi naitwa Fundi Vipimo. Jina walinipa wateja kwa kunikejeli, nikalichukua kama cheo. Kwangu kadi haitoki dukani kabla sijaiweka mezani ikanguruma saa nzima, nikapima joto lake, nikahesabu inatoa picha ngapi kwa sekunde, nikailinganisha na zenzake za bei ile ile na za juu yake kidogo. Mtu akija na tamaa ya kununua kitu kibovu, namrudisha nyumbani na hela zake mfukoni. Nimegombana na watu wazima kwa ajili hiyo. Na najivunia, au nilikuwa najivunia.

"Hii ina gigabaiti nane za kumbukumbu," nikamwambia baba. "Gemu za mwaka kesho zitazimaliza zote. Kumbukumbu ikijaa, picha inaanza kukwama."

"Mimi nina gemu moja. Ya mwaka huu."

"Halafu bei waliyoibandika ni wizi. Baada ya miezi miwili inatoka mpya ya daraja hili hili. Ama tunachukua hiyo mpya, ama hii inashuka bei. Ukinunua leo, umeliwa."

"Miezi miwili."

"Miwili tu, baba."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Haya. Wewe ndiye fundi," akasema, akaondoka. Safari hii kona ya kaunta aliizunguka kwa kuipapasa kwa mkono.

Nikarudisha boksi rafuni, roho yangu kwatu. Nilijiona nimemwokoa baba yangu na wanyang'anyi. Na hapa niseme ukweli wote, maana nusu yake hainisaidii: gemu ile ingekwenda kwenye kadi ile bila hata feni kupandisha pumzi. Nilijua. Si kwamba nimekuja kujua baadaye, hapana, nilijua siku ile ile nikiwa nimeishika mkononi.

Miezi miwili ikapita, kadi mpya ikatoka. Nikaiagiza moja ya majaribio, nikaipima siku mbili. Ilizidi ile ya zamani kwa picha saba kwa sekunde. Saba! Na kumbukumbu ni ile ile, gigabaiti nane, kana kwamba hawana aibu. Niliwaka. Nikampigia baba simu nikamwagia yote: wametudharau, wanatufanya hatuna akili, wamebadilisha boksi wakaongeza bei. Baba alisikiliza, anaitikia "mhh", "mhh", mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo haifai," akasema.

"Haifai hata kidogo. Lakini tulia, kuna nyingine ya kampuni pinzani, hiyo itakuwa na gigabaiti kumi na mbili. Hiyo ndiyo yenyewe."

"Lini?"

"Mwezi mmoja, mmoja na nusu."

"Haya, mama."

Ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Kila Ijumaa alinipigia, au mimi nilimpigia, tukaongea kadi. Nilimfundisha joto, nilimfundisha umeme, nilimfundisha kwa nini kadi iliyotumika kuchimba sarafu za mtandaoni si ya kununua hata kwa bei ya kutupa. Kuna mteja aliniletea moja ya namna hiyo, nzuri tu, ingetosha kabisa kumsogezea baba siku. Nikaipima, ikapita vipimo vyote, nikamrudishia mwenyewe kwa sababu sikuipenda ilikotoka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Katikati ya hayo mama akanipigia. Mama hanipigii saa za kazi. Nikajua kuna jambo.

"Mnunulie baba yako hiyo takataka," akasema, bila hata kunisalimu.

"Mama, si suala la kununua tu..."

"Ni suala la kununua tu. Ikiwa mbaya kidogo atakushtaki?"

"Mama, mambo ya kompyuta niachie mimi."

Kimya. Halafu akasema, "Haya, nimekuachia," akakata simu. Mama yangu anajua kunyamaza kwa namna ya kukusema, na siku ile niliisikia ile namna. Nikaiweka pembeni, nikarudi kwenye kazi. Nilimjibu mama hivyo, kwa ulimi wangu huu, na yeye alikuwa anajua jambo nisilolijua na ameapishwa asiseme.

Na bado hilo silo linaloniuma kuliko yote.

Mwezi wa nne tangu aje dukani, mchana, nina pawa saplai, kile kisanduku cha umeme cha kompyuta, imeungua mezani, mikono imejaa masizi, simu inalia. Baba.

"Fundi, niko duka la huku mjini. Nimeshika boksi."

"Boksi la nini?"

"Kadi. Feni mbili. Kijana hapa anasema inatosha gemu yangu na chenji inabaki."

Mtu aelewe jambo moja kuhusu baba. Katika maisha yake hakuwahi kupeleka kitu kwa fundi mwingine tangu mimi nifungue duka. Redio, simu, hata pasi ambayo si kazi yangu, vyote vililetwa kwangu. Alikuwa akisema mtu mwenye mtoto fundi akienda kwa fundi wa nje anamvua nguo mwanawe hadharani. Kwa hiyo kule kusimama pale, kwenye duka la watu, boksi mkononi, lazima kwake kulikuwa kazi kubwa. Na bado alinipigia kwanza. Aliniomba ruhusa, mzee mzima.

Mimi nikasikia kitu kimoja tu: duka la watu.

"Gigabaiti ngapi?"

"Amesema nane."

"Baba! Ndiyo ile ile niliyokukataza! Tena hao wanauza juu, nawajua! Umenivumilia miezi yote hii uje uliwe leo? Rudisha hicho kitu. Watu waseme baba yake Fundi Vipimo anabambikiwa makapi mjini? Rudisha, nimesema!"

Sikumwambia rudisha kwa upole. Nilimfokea, na muuzaji bila shaka alinisikia, maana nilimsikia anacheka. Kisha nikasikia sauti ya baba ikiwa mbali kidogo na simu, yenye adabu, sauti ya mtu anayeongea na mgeni: "Basi, kijana wangu, samahani kwa usumbufu. Mwanangu anasema haifai."

Akarudi kwangu. "Nimeweka chini."

"Vizuri. Umekwendaje huko peke yako?"

"Mama yako amenishika mkono," akasema.

Nilimsikia. Amenishika mkono. Wazazi wangu hawajawahi kutembea wameshikana mikono, si watu wa mambo hayo, na mimi nikapitisha hilo neno kama hewa kwa sababu nilikuwa bado nina hasira na muuzaji. Hasira ilikaa hadi jioni. Nikawasimulia wateja, nikacheka nao, nikasema mzee wangu karibu aingizwe mjini.

Ilifika mwezi wa saba. Kadi ya kampuni pinzani, gigabaiti kumi na mbili, feni tatu, bei imeteremka mara mbili tangu itoke, nami nilikuwa naingojea ishuke. Niliiweka mezani saa nzima kama kawaida yangu, kisha saa nyingine kwa sababu ilikuwa ya baba. Haikupata joto. Haikupiga kelele. Ilitoa picha mpaka nikacheka peke yangu. Nilifungua ile gemu ya malori, nikaweka kila kitu juu kabisa, na barabara ikaja na nyufa zake, na mvua ikitiririka kwenye kioo, na vumbi kwenye dashibodi. Nikasema, haya, hii ndiyo ya kumpa baba.

Nilikuwa nimeichukua kompyuta ya nyumbani tangu Alhamisi, nikabadilisha pawa saplai, nikafunga kadi, nikaipanga mashine ikiwashwa tu ifungue gemu yenyewe na lori liwe tayari barabarani, baba asihangaike kutafuta chochote kwa mshale wa kipanya. Jumapili mchana nikaibeba hadi kwao, kifua mbele kama mshindi.

Baba alikuwa ameketi mezani tayari, usukani mbele yake, pedali miguuni. Amevaa viatu vya ngozi na soksi, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Viatu vya nini, baba?"

"Dereva haendeshi na ndala."

Tukacheka. Hakuinuka kunipokea mzigo, na baba yangu daima huinuka kunipokea mzigo. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, akatabasamu mahali karibu na nilipokuwa. Nikajiambia amechoka. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa, ndiyo hivyo.

Nikaingia chini ya meza. Waya wa umeme, waya wa spika, waya wa usukani, waya wa skrini. Mama yuko jikoni, nasikia vikombe. Baba anaimba kitu chini chini. Nikabonyeza kitufe, feni tatu zikazunguka, nikabaki kule chini nafunga nyaya zisimkwaze miguu. Baada ya muda spika zikakohoa, halafu injini ya lori ikawaka, mngurumo mzito, safi, meza ikatetemeka.

"Aah!" baba akasema.

Nikaona kiatu chake kinakanyaga pedali taratibu, kwa heshima. Injini ikapanda. Akabadilisha gia. Lori likaanza kutembea.

"Mama! Sasa hii ndiyo picha!" Sauti yake ilijaa chumba. "Tazama lami ilivyo nyeusi! Na majani, yanaonekana moja moja! Lo! Sasa nimekuelewa. Sasa nimeelewa kwa nini ulinisubirisha. Ulifanya vizuri kusubiri, mwanangu. Watu wangetuuzia ujinga."

Nikatoka chini ya meza nikitabasamu, vumbi kwenye magoti.

Skrini ilikuwa nyeusi.

Haikuwa na kitu. Kile kitaa chake kidogo cha chini kilikuwa na rangi ya chungwa, rangi ya skrini isiyoletewa picha. Nikaelewa mara moja nilichokosea. Waya wa skrini nilikuwa nimeuchomeka mahali pa zamani, kwenye kompyuta yenyewe, badala ya kuuchomeka kwenye kadi mpya. Mkono ulikwenda ulikozoea. Wateja wanaonijia na kosa hilo huwa nawacheka mpaka nashika mbavu.

Baba alikuwa anakata kona. Shingo imeinama upande kidogo, macho yameelekezwa kwenye ule weusi, uso umekunjuka kwa furaha. "Haya, huyu mbele yetu anataka nini? Pita, bwana, pita," akamwambia mtu asiyekuwepo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akatazama skrini. Akanitazama mimi. Hakushtuka, niliona wazi kwamba hakushtuka. Aliweka sinia juu ya kabati polepole, vikombe visigongane, akabaki ameegemea ukuta na khanga mdomoni.

Nilirudi chini ya meza, nikauchomoa waya, nikauhamishia kwenye kadi. Nikatoka. Barabara ikaja kwenye skrini, pana, inang'aa kwa mvua, milima mbele, kila jani mahali pake, nzuri kuliko nilivyoiona dukani. Lori lilikuwa limeziba barabara, pua ndani ya nyasi, limegonga ukingo wa chuma na kukwama pale.

Uso wa baba haukubadilika hata kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa bado anakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka mahali pamoja, na yeye anasema, "Mteremko mzuri huu. Unaufahamu? Kuna mteremko kama huu ulikuwa ukinipa raha."

"Baba," nikasema.

"Naam."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba, skrini ilikuwa haijawaka."

Akaondoa mguu kwenye pedali. Injini ikashuka. Mikono haikuondoka kwenye usukani. Kisha akacheka, kacheko kafupi ka mtu aliyekamatwa na trafiki.

"Nimekamatika," akasema.

"Tangu lini?"

"La kulia lilikwenda zamani, kabla sijaja dukani kwako. Hilo hata daktari alijua. La kushoto ndilo lililokuwa linanitoa kimasomaso. Likawa linapungua, linapungua. Mwezi uliopita nikaamka asubuhi nikadhani mama yako hajafungua madirisha."

"Na ile siku uliyonipigia simu? Ukiwa mjini?"

Akaupapasa usukani. Mama akasema kutoka ukutani, "Mwambie."

"Siku ile nilikuwa naona bado," baba akasema. "Kadogo. Walikuwa wameiwasha mashine pale dukani, na gemu ile ile. Nilikaribia kabisa, nikaona barabara. Kipande hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili, upana wa kifuniko cha soda. "Kilinitosha."

Nilikaa sakafuni, pale pale kwenye nyaya. Nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima, mbele ya wazazi wangu. Nikamwambia nisamehe baba, kwa nini hukuniambia, kwa nini hukuniambia neno moja tu, ningekuletea ile ya kwanza siku ile ile, ningekuletea hata kwa kukimbia.

"Nilikwambia," baba akasema. Hakusema kwa ukali. "Mengine sikusema kwa sababu nilidhani nina muda. Kama wewe ulivyodhani. Na Ijumaa zile, mama, ulikuwa unanieleza kwa furaha mpaka nikaona nikikwambia nitakuharibia."

Mama akaleta chai. Akakiweka kikombe mkononi mwa baba, akavifunga vidole vyake kwenye mkono wa kikombe, kimoja kimoja, wala si kwa mara ya kwanza. Tukanywa. Nilitaka kuing'oa ile kadi niitupe nje. Nilisema nitaichukua, nitairudisha dukani, na baba akaniambia nisithubutu.

"Kaa hapa pembeni yangu," akasema. "Kwenye lori la masafa marefu nilikuwa na utingo. Ukungu ukishuka, mimi sioni mbele, yeye anatoa kichwa dirishani ananisomea barabara. Nasi tunafika. Nisomee."

Nikavuta kiti. Nikafuta uso. Nikamsaidia kulirudisha lori nyuma, kushoto, kushoto zaidi, basi, mpaka likakaa kwenye njia yake. Akakanyaga mafuta. Nikamwambia, nyoosha. Nyoosha hivyo hivyo. Kuna basi linakuja upande wake, usijali. Mvua imepungua. Akawa anaitikia "mhh", "mhh", mabega yakaanza kushuka, na mimi nikaanza kutazama ile milima, jinsi mawingu yalivyokuwa yanaigusa, jinsi kadi ilivyokuwa inayachora bila kukwama hata mara moja. Nilipima kwa macho, kwa mazoea. Picha tisini kwa sekunde, labda mia.

"Kona!" nikapiga kelele. "Kona kulia, baba, kulia!"

Akakata kwa nguvu zake zote. Lori lilikuwa limekwisha kuipita kona. Likavunja uzio, likaanguka kwa ubavu, mzigo ukamwagika nyasini. Injini ikazimika. Baba alikuwa bado amekanyaga breki, kiatu chake cha ngozi kimeikandamiza pedali mpaka chini.

"Umechelewa kusema," akaniambia.

"Najua, baba," nikasema.